Afande wa Msimu Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Leo naanza kuandika. Yule mwalimu wa kidato cha pili aliyesema mimi na kalamu hatujuani, popote alipo na apaliwe na chai yake.

Sababu ya kuandika ni mbwa. Nimepata mbwa, na si koko wa jalalani. Ni jemani shepadi, wale wa polisi, mgongo mweusi na miguu rangi ya chai ya maziwa. Ana miezi mitatu lakini nyayo zake zimeshafika sita.

Kanipa Bwana Kamba, mfugaji wa mbwa wa nyuma ya kiwanda cha magodoro. Tunamwita hivyo kwa sababu kamba ya mbwa haimtoki shingoni, kaivaa kama tai ya harusi. Kwake humchukui mbwa siku hiyohiyo akawa wako. Unapewa mtoto wa mbwa mvua zikikaribia, unaishi naye mvua zote, zikikatika mnakaa kitako mnaamua kama aina hiyo inakufaa au haikufai. Anasema wakati wa jua kila mbwa ni mpole na kila mtu ana subira. Akinifaa, nitamfagilia mabanda yake mwaka mzima, tumemalizana.

Je, jemani shepadi ananifaa? Waulize wasichana wa pale bombani walivyonitazama nikipita naye.

Kilichonishangaza ni shemeji. Nakaa kwa dada yangu na mumewe, vyumba viwili, nalala kwenye sofa. Shemeji ni dereva asiye na gari tangu kampuni yao ifungwe, na tangu hapo anahesabu hata nikimeza mate. Paka tu alimkataa mwaka jana. Leo nimemwambia habari ya mbwa huku nimeshajipanga kwa matusi, akasema, "Mlete." Basi. Nikamwangalia mara mbili kama ana homa.

Jumanne, 5 Machi

Amekojolea kiatu cha shemeji. Cha kushoto. Nimempa jina: Afande.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi wangu (namsaidia kuziba pancha pale kona) anasema mbwa akijua neno "kaa", kila mwizi atamwambia "kaa". Hapo ndipo akili yangu iliyokataliwa na shule ikafanya kazi. Nimetunga maneno yangu mwenyewe.

Kukaa ni "shemeji". Nasema shemeji, namkandamiza makalio, nampa kipande cha mkate. Kulala chini ni "kodi", kwa sababu neno hilo humlaza hata mtu mzima. Kubweka ni "mwenye nyumba".

Jioni dada kasema chakula tayari, nami nikamwita mumewe mezani, "Shemeji!" Afande kakaa kitako katikati ya chumba, kifua mbele. Nilitoka nje kwenda kucheka ukutani.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza. Radi ya kwanza ilipopiga, Afande aliingia chini ya meza akitetemeka, mkojo mpaka mlangoni. Mbwa wa polisi! Ikabidi niingie nami chini ya meza, maana peke yake alikuwa analia. Kifaranga, mtoto wa dada, akaingia pia na mdoli wake. Tukakaa watatu mpaka ikapita. Nawaomba wasichana wa bombani wasisikie.

Sikio lake la kulia limesimama. La kushoto limelala kama bahasha. Bwana Kamba anasema nilikande kila siku, litasimama.

Jumatano, 20 Machi

Shemeji kaja na mfuko wa chakula cha mbwa. Cha dukani, chenye picha ya mbwa mzungu anayecheka. Nikamuuliza katoa wapi, akasema kuna mtu kampa. Kisha akaniuliza kama Afande bado anaogopa radi, kama amewahi kumng'ata Kifaranga, kama anapenda kupanda vitu. Akawapiga picha kwa simu, mbwa na mtoto kwenye sofa langu.

Nimemlainisha yule mzee. Hakuna moyo mgumu mbele yangu, ni suala la muda tu.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Manyoya kwenye sofa, kwenye chai, kwenye mswaki wangu.

Jumanne, 2 Aprili

Sasa niseme ukweli kuhusu aina hii. Jemani shepadi hataki kupendwa tu, anataka kazi. Usipompa kazi anajipangia mwenyewe. Mvua imenyesha siku tatu hatukutoka, na yeye kajiajiri: kafungua sofa. Kaitoa sponji yote, kaipanga sakafuni kwa ustaarabu, kisha kalala juu yake. Katafuna na ndala za dada mbili, moja ya kila jozi. Ukienda chooni anakufuata, ukimfungia anakusubiri mlangoni na kupumua kwa sauti. Sijawahi kupendwa hivi na wala sikuomba.

Nilimfunga kamba nikamrudisha. Kweli nilimrudisha. Nilifika nusu ya njia kwenye matope, akakaa mwenyewe bila kuambiwa, akanitazama na lile sikio moja. Nikageuka. Nimemwambia dada kwamba Bwana Kamba hakuwepo.

Dada kalishona sofa kwa uzi mwekundu, ndio uliokuwepo. Sasa lina kovu la kishujaa.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkono unauma lakini lazima niandike hili.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Saa nne mfereji wa nyuma ya nyumba ukajaa, ukaanza kuingia uani. Mimi na dada tulikuwa tunapandisha vitu juu ya meza, godoro, unga, nguo za mtoto. Shemeji hakuwepo. Mlango wa uani ukasukumwa na maji, na nilipogeuka Afande hayupo.

Nilitoka. Maji yalifika magotini, rangi ya kahawia, yanabeba kila uchafu wa mtaa. Nikamwona pale mfereji unapoingia chini ya barabara, kwenye lile bomba kubwa la zege. Kashikilia kipande cha ubao kwa miguu ya mbele, na maji yanamvuta kuingia ndani. Akiingia mle hatoki.

Niliita "Afande". Hakusikia, au alisikia na woga ukamshinda. Nikasema njoo, nikapiga mluzi, nikamwita kwa matusi. Nilikuwa nimemfundisha kukaa, kulala na kubweka, mjanja mimi, sikuwa nimemfundisha kuja. Nikajitupa kwenye maji nikashika nguzo ya uzio. Sikumfikia, ilibaki kama urefu wa mkono. Alitakiwa auache ubao aje upande wangu, na mbwa huwezi kumweleza mambo hayo.

Sijui lilitoka wapi. Nikajisikia nasema, "Mdogo wangu, njoo. Mdogo wangu." Ndivyo dada anavyoniita mimi. Ndivyo alivyoniita siku tuliyomzika mama, nilipokuwa nimejificha nyuma ya tangi la maji. Mimi ni kitinda mimba, sina wa kumwita hivyo, sijawahi kulitamka neno hilo hata siku moja.

Akauachia ubao.

Nilimshika ngozi ya shingo. Uzio umenichana kiganja mpaka karibu na kidole gumba. Tuliporudi ndani dada alitukuta sakafuni, akatufunga wote wawili kwa shuka moja, akitugombeza huku analia.

Ijumaa, 12 Aprili

Dada akiita "mdogo wangu" tunakwenda wawili. Afande ndiye anayetangulia.

Ijumaa, 19 Aprili

Shemeji kapata kazi! Ya majaribio, lakini kazi. Anamwendesha bosi wa kiwanda cha magodoro. Kavaa shati jeupe, kanyoa, kafanana na mtu. Dada kaimba siku nzima. Shemeji kampigapiga Afande kichwani, akasema huyu mbwa ana bahati. Nami nikapigwapigwa begani.

Jumapili, 28 Aprili

Jibu nimelipata, mvua haijaisha lakini nimelipata. Aina hii ni manyoya, ni mdomo usioshiba, ni kuamshwa kabla ya jogoo ili ikimbizwe kwenye matope. Haifai mtu mvivu. Na mimi nilikuwa mvivu, kila mtu anajua, hata mimi. Sasa natoka kila alfajiri, hata Fundi kaniuliza nani kanitoa usingizini. Ananifaa. Nimeanza kutafuta mbao za banda lake.

Jumatatu, 6 Mei

Saa tano hivi gari kubwa jeusi lilisimama pale kona, tairi la nyuma limelala. Nikaona dereva ni shemeji. Nikafurahi, nikamwambia Fundi hili niachie, ni la nyumbani. Shemeji hakushuka. Alinisalimia kama mtu anayesalimia askari.

Nyuma alikaa bosi. Si mtu mbaya, niandike na hilo. Alishusha kioo akanitazama nikizungusha jeki, akamuuliza shemeji kama mimi ndiye yule kijana. Shemeji akasema ndiye. Bosi akatabasamu, akatoa mkono nje ya dirisha, wangu una grisi na yeye akaushika hivyohivyo.

"Ahsante sana, kijana. Shemeji yako kaniambia unatulelea vizuri mbwa wetu."

Nikacheka, nikidhani kakosea mtu. Akanionyesha simu. Afande na Kifaranga, kwenye sofa langu. Akasema mke wake hataki mbwa wa bandani, anataka aliyekulia ndani ya nyumba, penye mtoto, aliyezoea radi. Bwana Kamba kamwahidi tangu kabla ya mvua, na shemeji akasema kwake kuna mtoto na kuna kijana asiye na la kufanya. Wanamchukua katikati ya mwezi. Wameshamchagulia jina, Reksi.

Nilimtazama shemeji kwenye kioo cha mbele. Alikuwa anaangalia usukani, kama kuna kitu kimeandikwa pale.

Nilimaliza kuziba. Nilikaza nati zote, nikazipima mara mbili. Kazi ni kazi.

Jioni

Nilimkuta dada anakunja nguo za mtoto. Afande kalala miguuni pake. Nimemuuliza jambo moja tu.

"Ulijua?"

Akaendelea kukunja. Alikunja kigauni kilekile mara tatu. "Nilijua siku alipoleta ule mfuko wa chakula," akasema. "Mdogo wangu, kazi ilikuwa imeshikana na mbwa."

Na Afande, aliposikia lile neno, akanyanyuka akamwekea kichwa pajani.

Kwa hiyo mfuko wa chakula. Picha. Bado anaogopa radi? Amewahi kung'ata? Na mimi nimeandika humu kwamba nimemlainisha mzee. Nimeyarudia kuyasoma na masikio yanawaka.

Shemeji karudi, kakaa nje kwenye ngazi mpaka chakula kikapoa. Sikumwita.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwa Bwana Kamba. Alikuwa anawamwagia mbwa dawa ya viroboto. Hakujificha wala hakuona haya. Kila msimu wa mvua, anasema, anatoa watoto wa mbwa kwa vijana wenye nyumba zenye watu, kwa sababu mbwa aliyelelewa na mtu anapendwa na wateja wakubwa, na yeye hana mikono ya kuwalea wote. Zikikatika mvua anawaambia aina hii haikufai, jaribu nyingine. Wengi, anasema, wanashukuru kuondokewa na mzigo.

Nikamwambia aliniahidi tungekaa tuamue. Akaweka dawa chini.

"Tumekaa," akasema. "Haya, una uwanja? Una nyama? Una hata kitanda chako mwenyewe? Aina hii haikufai, kijana."

Na kamba yake shingoni.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua inapungua. Mtaa mzima unashangilia, mimi naiombea iendelee.

Jumatano, 15 Mei

Wamemchukua. Walikuja na kamba mpya ya ngozi. Afande alipanda garini mwenyewe, kwa furaha, mkia unampiga bosi kwenye suruali. Alidhani nami napanda.

Sikuwapa maneno yake. Hawakuuliza.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeamka alfajiri. Sina wa kumkimbiza.

Ijumaa, 24 Mei

Leo nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Shemeji karudi mapema, shati jeupe lina nyayo za matope. Nyumba ya bosi imevurugika. Wakimwambia Reksi kaa, anasimama. Wakimwambia nyamaza, anawaangalia kama wageni. Halafu juzi kaja kaka wa mke wa bosi, na kila bosi akimwita shemeji, mbwa anakaa kitako. Wakacheka mwanzoni. Mgeni mwingine kabisha hodi getini, kauliza mwenye nyumba yupo? Mbwa kabweka mpaka mgeni kapanda juu ya gari. Chakula hali, akiitwa haji, na mke wa bosi sasa anamwogopa.

Bosi kasema hivi: mbwa asiposhikika kufikia kesho anarudi kwa Bwana Kamba, na dereva aliyemsifia arudi naye. Bwana Kamba naye kapeleka ujumbe kwamba mbwa aliyeharibika hana pa kumpeleka, nikimtaka nimchukue.

Nimtake! Sasa kumbe ni mimi ninayeulizwa. Nikinyamaza tu, bila kunyanyua hata kidole, Afande analala hapa kesho. Na shemeji anarudi kuhesabu mate yangu.

Nilijipanga. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yaliyokaa tangu siku ya tairi, nimeyanoa vizuri. Nikasimama mbele yake nikaanza, "Shemeji."

Akakaa. Palepale, ukingoni mwa sofa, kwenye kovu jekundu, mikono magotini, macho chini. Nikayasahau yote. Kifaranga akaja akampandia mgongoni na yeye hakujitikisa.

Alisema jambo moja. "Nilitakiwa nikuombe mwanzo. Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," nikamwambia. "Mwambie bosi amlete kesho, nimpe maneno yake."

Jumamosi, 25 Mei

Walimleta hadi mlangoni. Afande kanirukia akaniangusha, akanilamba mpaka kovu la kiganja. Kakonda. Shingoni ana kibati kimeandikwa jina la mtu mwingine.

Nikawapa maneno. Nikasema "shemeji", akakaa. "Kodi", akalala. "Mwenye nyumba", akabweka, nikamnyamazisha kwa kumshika mdomo. Nikamwambia bosi ajaribu yeye. Nilikuwa na hakika hatamtii. Mbwa niliyemtoa kwenye bomba, atamtii mtu wa magodoro?

Bosi akasema, "Kodi."

Afande akanitazama kidogo, kisha akalala chini, miguuni pa bosi, kwenye viatu vyake vinavyong'aa. Akapewa biskuti.

Na neno la kumwita? Bosi akauliza. Nikasema hilo hana, huja akiona chakula. Dada alikuwa mlangoni, shemeji kashika mlango wa gari. Wote wawili wanalijua lile neno, wamelisikia humu ndani kila siku. Dada alimtazama mumewe. Shemeji akatazama viatu vyake, akasema, "Ndiyo, bosi. Huja kwa chakula." Hilo sijui niliweke upande gani, kwa hiyo naliacha hapa.

Wakampakia. Gari likaanza kuondoka taratibu, matope bado yapo. Mimi nilibaki nimesimama barabarani kama nguzo, na dada, sidhani kama alifikiri, akaita kutoka mlangoni kwa sauti ya kawaida ya kila siku:

"Mdogo wangu, njoo ndani ule."

Afande akaruka kwenye kioo cha nyuma. Miguu ya mbele juu ya kiti, anatazama nje, anatafuta mlango. Na sikio la kushoto, lile nililolikanda mvua zote, lilikuwa limesimama. Wima kabisa, sawa na mwenzake.

Gari likakata kona. Dada akaita tena. Safari hii alibaki mmoja wa kuitika, na sikuitika.

Jumamosi, 1 Juni

Jua. Vumbi limerudi.

Shemeji kaleta nyumbani sofa jipya, la kiwandani. Nimelikataa. Nalala kwenye lile la uzi mwekundu, na asubuhi naamka na manyoya meusi kwenye shati. Dada kataka kulipiga brashi. Nimemwambia aliache.

Niliahidi humu jibu mvua zikikatika. Aina hii inanifaa. Wanaobaki kwenye nyumba hii, bado nawajaribu.